Mshairi au Mtunga Nyimbo? Aref Qazvini na Mipaka ya Uhakiki wa Diwani

Hukumu iliyomwelemea Aref Qazvini kwa zaidi ya karne moja haikutolewa na mhakiki. Ilitolewa mnamo 1921 na mshairi mwenzake, Iraj Mirza, akiwa na hasira. Aref alikuwa amekwenda Mashhad, akafanya onyesho la muziki hadharani, na katika kuimba kwake akaushambulia ukoo wa kifalme wa Qajar. Iraj alikuwa mtu wa ukoo huo, wa kizazi cha Fath Ali Shah, tena alikuwa rafiki wa Aref wa siku nyingi. Alimjibu kwa Arefnameh, mathnawi ndefu ya kejeli ambayo sehemu zake kubwa hazisomeki mbele ya watu wenye staha. Katikati ya matusi hayo mna shutuma moja ya kifasihi: kwamba Aref si mshairi hata kidogo, ni mtunga tasnifu tu.

Msomaji wa Kiswahili asipotezwe na neno hilo. Tasnifu inayowasilishwa katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na tasnifu ya Aref zina asili moja ya Kiarabu, yenye maana ya kutunga na kupanga, lakini zimekwenda njia mbili. Katika muziki wa Kiajemi tasnifu ni wimbo uliotungiwa mahadhi yake maalumu na wenye mapigo yanayohesabika. Ni kinyume cha avaz, yaani uimbaji huru, ambamo mwimbaji huchukua beti za ghazali ya Hafez au ya Saadi na kuzipamba kwa sauti bila kufungwa na mapigo. Avaz ilikuwa na heshima ya ghazali yenyewe. Tasnifu ilikuwa mali ya mitaani, ya wachekeshaji na wachezaji wa harusi. Kumwita mtu mtunga tasnifu kulikuwa ni kumshusha kutoka barazani hadi uani.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Iraj aliona sawasawa ila alipanga vyeo vibaya. Ghazali nyingi za Aref ni za kawaida, na baadhi ni dhaifu. Tasnifu zake ndizo kazi yake kuu, na haziwezi kupimwa kwa kipimo cha diwani kwa sababu nusu ya utungo haimo ndani ya diwani. Suala hili halimhusu Aref peke yake. Linamgusa kila anayeamua ni kitu gani kihifadhiwe, kifundishwe na kuitwa fasihi, katika lugha yoyote ambayo ushairi wake umeishi kwa kuimbwa.

Sauti kabla ya kalamu

Aref alizaliwa mjini Qazvin mwanzoni mwa miaka ya 1880. Baba yake, Mulla Hadi, alikuwa wakili, na alipogundua kuwa mwanawe ana sauti nzuri alitaka awe msimulizi wa maombolezo ya Karbala katika majlisi za Kishia. Kijana akavikwa kilemba. Katika wasifu alioujiandikia mwenyewe, uliochapishwa pamoja na diwani yake, Aref anamlaumu baba yake kwa ukali ambao haukuzoeleka katika maandishi ya Kiajemi ya wakati huo, na anaieleza ndoa yake ya ujanani, ambayo jamaa wa mke waliipinga na ambayo iliishia kwa talaka. Ni andiko la mtu asiyejali kupendwa na msomaji.

Karne ya 19 ikielekea kwisha, alihamia Tehran. Sauti ile ile iliyotakiwa kuliza watu katika maombolezo ikamfungulia milango ya wakubwa, na habari zake zikafika katika kasri la Mozaffar al-Din Shah. Kazi ya kumtumikia Shah aliikwepa. Jambo hili lina uzito kwa mhakiki, kwani maisha ya mwanamuziki wa Kiajemi wakati huo yalitegemea mlezi tajiri, na Aref alichagua kumtegemea mlipa kiingilio. Onyesho la hadhara, lenye ukumbi, tiketi na watu wasiofahamiana, lilikuwa jambo jipya mjini Tehran, na Aref, akishirikiana na wapigaji kama Darvish Khan, bingwa wa ala ya nyuzi iitwayo tar, alikuwa miongoni mwa waliolifanya lizoeleke. Nyimbo zake zilitungwa kwa ajili ya umati huo. Anayezisoma kimya chumbani anazisoma mahali zisipokusudiwa.

Kabla yake alikuwepo Ali Akbar Sheyda, aliyefariki mwaka 1906, ambaye aliipa tasnifu ulaini na adabu ya ghazali. Aref alikiri deni hilo, na kwingineko hakuwa mwepesi wa kukiri madeni. Lakini nyimbo za Sheyda ni za mapenzi. Mapinduzi ya Katiba ya 1905 hadi 1911 ndiyo yaliyompa Aref mada yake: Katiba kupatikana mwaka 1906, Bunge kupigwa mizinga mwaka 1908 kwa amri ya Mohammad Ali Shah, na wapigania Katiba kuingia Tehran Julai 1909 na kumwondoa mfalme huyo.

Wimbo wa tulipu

Wimbo wake mashuhuri kuliko zote, ule wa tulipu zinazoota kutokana na damu ya vijana wa nchi, ni wa kipindi cha Bunge la pili. Diwani inauhusisha na urafiki wake na Haydar Khan Amu-oghli, mwanamapinduzi kutoka Azerbaijan ya Uajemi. Ukiusoma kwenye karatasi, Iraj anaonekana ana haki. Picha zake zimechakaa: tulipu nyekundu, waridi, ndege anayelilia waridi, msonobari uliopinda kwa huzuni. Hakuna hata moja ambayo haikuwa imetumiwa mara elfu na washairi wa karne zilizotangulia. Mishororo yake haina urefu mmoja. Mmoja unajaa, unaofuata una maneno mawili au matatu, kisha maneno hayo yanarudiwa. Kwa jicho la arudhi, shairi linachechemea.

Likiimbwa, kuchechemea kunatoweka. Wimbo uko katika Dashti, tawi la mfumo wa Shur ambalo Waajemi hulihusisha na huzuni ya mashambani. Mishororo mifupi iliyoonekana pungufu kwenye karatasi ni ngazi: kila neno linaporudiwa sauti imepanda au imegeuka, na maana ya neno imepanda nayo. Urefu wa mshororo umepimwa kwa pumzi na kwa mahadhi. Mtu aliyetunga maneno kwanza na kumkabidhi mwanamuziki asingeweza kuyapanga hivyo. Hata mtu aliyepewa mahadhi yaliyokwisha tungwa na kuyatafutia maneno asingeweza kwa urahisi, ingawa Malek osh-Sho'ara Bahar alifanya hivyo kwa ustadi mkubwa katika wimbo wa ndege wa alfajiri, ambao mahadhi yake ni ya Morteza Neydavud. Bahar alikuwa mshairi bora kuliko Aref kwa kipimo chochote cha kalamu. Lakini Aref alikuwa mtunzi wa maneno, mtunzi wa mahadhi na mwimbaji katika kifua kimoja.

Kibwagizo cha wimbo huo kinastahili kutazamwa kwa makini. Humo mwimbaji anaigeukia mbingu inayozunguka, ile inayogawa bahati, na kuishutumu kwa mwendo wake wa upogo, kinyongo chake na kutokuwa kwake na dini. Hili nalo ni la kale. Kulalamikia mzunguko wa mbingu ni desturi ya ushairi wa Kiajemi tangu mwanzo wake, na kwa kawaida ni desturi ya kukata tamaa, kwa maana mbingu haishitakiki. Katika ubeti mmojawapo, hata hivyo, Aref anawataja wabunge kuwa wamelala na mawaziri kuwa wameoza, na anasema kwamba fedha na dhahabu ya nchi imeibwa. Kisha kibwagizo kinarudi, maneno yake yale yale, mahadhi yake yale yale. Aliyeketi ukumbini sasa anajua mbingu ni nani. Hakuna neno lililobadilishwa, ila anayeshutumiwa amekuwa na ofisi na anwani. Ufundi huu hauonekani kwa urahisi katika diwani iliyochapishwa, kwa sababu wachapaji huandika kibwagizo mara moja tu na baadaye kuweka alama ya kurudia, na jicho la msomaji huiruka alama hiyo. Sikio haliruki.

Mfano wa pili ni wimbo wa 1911 kuhusu Morgan Shuster. Mmarekani huyo aliajiriwa na Bunge kusimamia hazina ya nchi, akaanza kukusanya kodi bila kuogopa wakubwa, na Urusi ikatoa onyo la mwisho kwamba afukuzwe. Bunge lilikataa, majeshi ya Urusi yakasonga mbele, Bunge likafungwa na Shuster akaondoka. Aref hakutunga wimbo wa kodi wala wa mikataba. Alitunga wimbo wa aibu ya nyumba ambayo mgeni wake anaondoka mezani kabla ya kumaliza kula. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Aref analitazama jambo hilo hilo kutoka upande wa pili, pale mgeni anapotimuliwa na jirani mwenye nguvu na mwenyeji anabaki na ugonjwa wake. Mgogoro wa hazina ya taifa ukawa kitu ambacho hata asiyejua kusoma aliweza kukiona haya. Wakati huo wasiojua kusoma walikuwa wengi mno katika Uajemi. Magazeti ya Katiba yaliwafikia wachache, na wimbo ulibebwa na yeyote mwenye masikio.

Nchi ni ya nani?

Aref alijisifu katika wasifu wake kwamba alipoanza kuimba nyimbo za uzalendo, karibu hakuna Mwajemi aliyejua maana ya neno vatan, yaani nchi ya mtu. Majivuno hayo yapunguzwe, kwani watu wa Tabriz waliostahimili mzingiro wa mwaka 1908 na 1909 hawakuhitaji mwimbaji wa kuwafundisha walichokuwa wakikipigania. Lililo kweli ni kwamba alilihamisha neno hilo kutoka makala za magazeti na kulitia midomoni mwa watu.

Lakini nchi aliyoiimba ilikuwa na mipaka ya ndani, na wahakiki wengi wanaompenda huipita sehemu hii haraka. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Aref aliungana na wazalendo waliohama Tehran kuelekea magharibi, na hatimaye alifika Istanbul. Alikwenda akiwa na matumaini na umoja wa Waislamu uliohubiriwa na Waosmani. Huko akakuta kwamba baadhi ya waliompokea waliihesabu Azerbaijan ya Uajemi kuwa ni nchi ya Waturuki. Alijibu kwa wimbo wa kuililia Azerbaijan, mmojawapo wa nyimbo zake nzuri. Alijibu pia kwa ghazali zinazoitukana lugha ya Kituruki yenyewe, na katika mojawapo anataka ulimi wa anayeisema ung'olewe.

Utetezi wa kawaida ni kwamba Aref aliwalenga Waosmani. Utetezi huo hautoshi. Kituruki ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani ya watu wa Tabriz, mji uliouokoa utawala wa Katiba. Haydar Khan, ambaye jina lake limefungamana na wimbo wa tulipu, alitoka katika watu hao. Sadeq Rezazadeh Shafaq, aliyeiandikia dibaji diwani ya Aref, alikuwa mtoto wa Tabriz. Mshairi aliyetaka Azerbaijan isikatwe kutoka mwilini mwa nchi alikuwa tayari kuukata ulimi wa Azerbaijan. Kwa washauri wa sera za lugha katika nchi zenye lugha nyingi, hapa ndipo maisha ya Aref yanapofundisha zaidi, nayo hayafundishi kwa kuigwa. Katika miongo iliyofuata, dola ya Pahlavi iliufanya mtazamo wa aina hiyo kuwa sera ya shule na ofisi, na mzozo wake haujazimika. Inafaa pia kutazama tofauti ya tungo. Wimbo wa Azerbaijan unaimbwa mpaka leo. Ghazali za matusi hazikupata mahadhi. Zimebaki diwanini, zinatafutwa na watu wanaotaka kugombana.

Jamhuri ya miezi michache

Mwaka 1921 ulimvunja Aref kwa namna nyingine. Kanali Mohammad Taqi Khan Pesyan, ofisa aliyeasi huko Khorasan na ambaye Aref alimwekea matumaini yote, aliuawa Oktoba mwaka huo. Aref alimwombolezea kwa miaka. Huenda maombolezo hayo yanaeleza kilichofuata: alikuwa anamtafuta Pesyan mwingine.

Reza Khan alikuwa waziri mkuu kuanzia Oktoba 1923, na miezi michache baadaye ilianza kampeni ya kuiondoa dola ya Qajar na kutangaza jamhuri. Machi 1924 Aref alipanda jukwaani mjini Tehran kuipigia debe jamhuri hiyo. Alikuwa ameichukia dola ya Qajar maisha yake yote, na hakuuliza sana ni nani anayelipia ukumbi. Rafiki yake Mirzadeh Eshqi, mshairi kijana aliyejaribu kuuingiza muziki katika tamthilia, aliuliza. Eshqi aliikejeli jamhuri hiyo kuwa ni mchezo wa wakubwa, na Julai 1924 aliuawa kwa risasi nyumbani kwake. Upinzani wa wanazuoni na wa kundi la Modarres bungeni uliizima kampeni, na mwishoni mwa 1925 Reza Khan akawa Shah. Wimbo wa jamhuri ukawa umesaidia kumsimika mfalme.

Kosa hilo lina upande wa kisanaa. Nguvu ya tasnifu ya Aref ilitokana na mlalamikiwa asiyetajwa, aliyebadilika kila kibwagizo kiliporudi. Wimbo wa kampeni hauna mlalamikiwa wa namna hiyo. Una mtu anayesubiri kushangiliwa, na kila unaporudia unasema kile kile. Serikali nyingi, si za Iran pekee, zimewaajiri watunzi kwa matumaini kwamba ufundi uliowatikisa watawala wa jana utawapamba wa leo. Ufundi huo haukubali kugeuzwa kirahisi.

Kilichochapwa na kilichobaki

Diwani ya Aref ilichapishwa Berlin mwaka 1924, mwaka ule ule wa jamhuri. Ilikuwa na ghazali, wasifu wake na maneno ya tasnifu zake pamoja na maelezo ya wakati na sababu ya kila moja. Maelezo hayo ni hazina. Mahadhi hayakuwemo. Kuanzia hapo Aref akawa na maisha mawili: mshairi wa wastani kwenye rafu za maktaba, na mtunzi mkubwa katika koo za waimbaji. Wanahistoria wa fasihi walimsoma wa kwanza. Wa pili alitunzwa na wanamuziki, na ni mwanamuziki, Ruhollah Khaleqi, aliyempa nafasi anayostahili katika kitabu chake cha historia ya muziki wa Iran.

Kwa mtafiti wa ushairi wa Kiswahili, hapa kuna ulinganisho unaofikirisha kwa sababu unakwenda kinyume. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, alikufanya kuimbika kuwa sharti la shairi, na katika mgogoro wa miaka ya 1970 wanamapokeo walilitumia sharti hilo dhidi ya mashairi huru. Kule Uajemi kuimbika kulimpunguzia mtu cheo. Pwani ya Afrika Mashariki kulimpa. Lakini pande zote mbili zilihukumu kwa karatasi. Mizani na vina vilihesabiwa, na diwani za Kiswahili kwa kawaida zimechapwa bila mahadhi, kama ile ya Berlin. Siti binti Saad, wa rika moja na Aref, aliwahi kusafiri hadi Bombay mwaka 1928 na sauti yake ikaingia katika sahani za santuri, ndiyo maana leo kuna jambo la kuhakiki zaidi ya maneno. Watunzi waliomtangulia hawana bahati hiyo. Mradi wa kuhifadhi fasihi unaogharimia uchapaji pekee, na kuacha sauti kwa idara ya utamaduni au kwa wafanyabiashara, unarudia mgawanyo ule ule uliomfanya Aref aonekane mdogo kuliko alivyokuwa.

Miaka yake ya mwisho aliishi Hamadan, maskini, mpweke na asiye na sauti ya kuimba. Alifariki Januari 1934 na kuzikwa katika eneo la kaburi la Ibn Sina. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanamuziki vijana, akiwemo Hossein Alizadeh na Parviz Meshkatian, waliunda kundi wakalipa jina lake, na wimbo wa tulipu ukasikika tena katika siku za mapinduzi ya 1979. Mmoja wa watu waliouwezesha kusikika alikuwa Abdollah Davami, mwimbaji aliyezijua tasnifu za Sheyda na za Aref kwa moyo na aliyezisomesha hadi uzeeni. Davami alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu nusu karne baada ya Aref. Kwa muda mwingi wa miaka hiyo mahadhi ya nyimbo hizo yaliishi katika kumbukumbu za wazee wachache na wanafunzi wao, na diwani ilikuwa ikiuzwa madukani.